Hitima ya Idd wa Nyambizi

Shangazi yangu Batuli hajawahi kupanda hata ngalawa, lakini muulize habari za nyambizi, hapo utakesha. Wateja wake wa vitumbua pale Kilwa Kivinje wote wanajua kuwa ile ya Waingereza wakati wa vita vya Hitla ilikuwa kuukuu, ikinuka mafuta na jasho, ikitumika kwa mazoezi ya kujificha chini ya maji. Hayo aliyarithi kwa babu yangu Maftaha, baba yake, aliyekuwa dobi wa mabaharia kule bandarini Kilindini. Jamani, babu alijua kusimulia! Tulimfuata mpaka kisimani. Nikiikumbuka sauti yake natamani utoto urudi.

Rafiki yake Idd Likwata, mtu wa Kiswere, alichukuliwa kwenye nyambizi hiyo kumsaidia mpishi. Siku moja nyambizi ikaondoka, isionekane tena. Babu akarudi Kilwa na habari ya msiba. Mke wa Idd akakaa eda, kisha babu akamwoa, na Batuli akazaliwa.

Tangu hapo, kila mwezi wa Mfunguo Nane nyumbani husomwa hitima ya kumrehemu Idd. Babu alipofariki, shangazi akaishika yeye. Ubwabwa wake, acha tu!

Mwaka huu, masufuria yakiwa mekoni, binti yake Nusaiba akatafuta kwenye simu ile namba ya ubavuni mwa nyambizi ambayo babu alitukaririsha. Akasoma.

"Mama, haikupotea. Ilihamishiwa kisiwa cha Ceylon kufundishia mabaharia, vita vilipokwisha ikauzwa chuma chakavu. Hakufa mtu humo."

Shangazi akaketi chini. Sote tulielewa: mama yake aliolewa na mleta habari, na mume wa kwanza huenda alikuwa hai. Nilikasirika, nikailaani ile simu.

"Shangazi, babu alijua?"

"Mwanangu, wa kumuuliza yuko kaburini."

Maalimu Issa akaingia na wasomaji wake. Shangazi akamweleza yote, machozi yakimtoka.

"Sasa tuache, Bi Batuli?"

"Kijana wa vita vya Hitla, leo keshakufa popote alipokuwa. Someni, maalimu."

Wakasoma. Wakati wa dua wanawake huwa kimya chumbani, wakiitikia amina tu. Safari hii sauti ya shangazi ikasikika nyuma ya pazia, mpaka maalimu akanyamaza kumpisha:

"Na wewe Idd, msamehe baba yangu. Mama alikulilia kweli."