Bambo la Baba

Siku mlinzi wa chuo alipochomoa bambo kwenye koti la baba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, unaingia chuo cha udaktari na kisu?"

"Kisu gani, mwanangu? Hilo bambo. Nimekuja kuangalia gunia."

Baba yangu hununua alizeti. Nyumba yetu iko Utemini, lakini yeye leo yuko Sepuka, kesho Kinyangiri, na popote aendapo bambo liko mfukoni: kile chuma chenye ncha na mfereji, ukikidunga kwenye gunia mbegu za ndani zinakumwagikia kiganjani. Juu ya gunia kila muuzaji huweka mbegu nzuri. Chini nako siku hizi wanaweka nzuri, maana wanunuzi wameshtuka. Baba hudunga katikati. Makapi yote aliyowahi kuuziwa, anasema, yalikaa katikati.

Mwaka ule nilichaguliwa vyuo viwili vya udaktari, nikatakiwa kuthibitisha kimoja. Moyo wangu ulishaamua. Kulikuwa na chuo kipya chenye vioo, rafiki zangu walikuwa wanakwenda huko, na mimi nilishajiona kwenye zile ngazi na koti jeupe na miwani ambayo hata sikuihitaji. Kile kingine kilikuwa cha zamani, kimebanana na hospitali. Baba hakubisha. Alisema tu, "Mbuzi wa kwenye gunia mimi sinunui," akaenda kukata tiketi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Jiandae, mwanangu. Huyo atakutia aibu mikoa miwili."

Basi aibu ndiyo ikaanzia pale getini kwenye vioo. Mlinzi mwenyewe aliishia kucheka, akalifungia bambo kwenye droo, tukaingia. Palikuwa pazuri kuliko picha. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitupokea kwa bashasha, baba akawapita. "Hawa ndio juu ya gunia," akaninong'oneza. Wa mwaka wa mwisho nao akawaacha. Hao, alisema, mawazo yao yameshaondoka. Akawatafuta wa mwaka wa tatu, akapata vijana wawili. Walimwamkia vizuri, wakasifia maktaba, intaneti na chakula.

"Na mgonjwa mmemshika lini?"

Wakatazamana. "Bado, mzee. Hospitali yetu haijakamilika."

Nilimnunia baba njia nzima hadi mkoa wa pili. Yeye alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa, akasinzia zake.

Chuo cha zamani kilikuwa kimebanduka rangi. Baba alimsimamisha dada mmoja anayetoka wodini, viatu vumbi tupu. Mwaka wa tatu.

"Shikamoo, baba. Nisikudanganye, hapa maji yanakatika na bweni lina kunguni. Tangu asubuhi sijala." Kisha uso ukamchangamka. "Lakini leo nimepokea mtoto. Kwa mikono hii! Mkunga alisimama pembeni tu."

Akatunyooshea viganja tuvione. Havikuwa na kitu, ila alivishika kama mtoto bado yumo. Nilimwonea wivu, wivu ambao vile vioo havikuwahi kunitia.

Stendi nilishindwa kuvumilia. "Sasa baba, nichague kipi?"

"Mimi nimedunga tu, mama. Kilichotoka umekiona mwenyewe."

Nikatoa simu, nikathibitisha pale pale kwenye benchi. Nilipotamka jina la chuo, baba aliitikia "Inshallah" huku akitazama pembeni, akijipapasa mfukoni kutafuta bambo ambalo tulikuwa tumelisahau kwa mlinzi.

Sasa mimi niko mwaka wa tatu. Juzi alinipigia. "Nawatuma kwako muuzaji wangu wa Kinyangiri na binti yake. Nimewaambia katikati ya gunia yuko mwanangu. Usiniangushe."

Walinikuta nje ya wodi. Binti alikuwa na viatu vinavyong'aa na uso wa mtu aliyekwisha kuchagua chuo kingine. Nilitaka kukisifia chuo changu, nikamkumbuka baba. Nikawaambia kuhusu maji. Nikawaambia kuhusu kunguni, baba mtu akaguna. Kisha nikafika kwenye habari ya asubuhi ile, ya mtoto aliyegoma kulia mpaka nilipomsugua mgongo.

Nilipomaliza, baba mtu bado alikuwa anauliza kuhusu kunguni. Binti hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaitazama mikono yangu.