Nilimwozesha Mume Wangu kwa Ugonjwa Ambao Hakuna Daktari Aliyeutaja

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzo kabisa ili usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta ukifika mwisho. Sikudanganywa na mtu wala sikulazimishwa. Niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba daktari amesema nina saratani, na hakuna daktari aliyesema hivyo.

Jina langu liacheni. Mimi ni mke wa mtu, Magogoni huku Kisauni, Mombasa, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kushona. Ukimwona mwanamke wa mtaa huu amevaa dera lililomkaa vizuri, huenda limepita kwenye cherehani yangu.

Mamangu alikufa kwa saratani ya tumbo na nilimuuguza mimi. Alikuwa mnene, kicheko chake husikika nyumba ya tatu, lakini siku ya kuzikwa alikuwa mwepesi hata wanawake waliomwosha walilia. Alipasuliwa, na baada ya kupasuliwa hakuinuka tena. Nikatoka pale na imani yangu, kwamba ugonjwa ule ukiguswa na kisu ndiyo umeufungulia mlango. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe kwa uchungu.

Nikaanza kuogopa chakula. Kwenye kikundi chetu cha wanawake cha simu ilizunguka sauti ya mama mmoja nisiyemjua, akisema nyama, samaki, mayai na maziwa ndivyo vinavyolisha saratani. Nikaviacha vyote siku hiyo hiyo. Miaka minne mimi ni ugali na mchicha, wali na maharagwe, muhogo wa nazi. Idi watu wanakula pilau, mimi natafuna kachumbari. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba akileta mbuzi wa Idi itabidi anunue majani ya wawili, ya mbuzi na yangu.

Mwaka wa nne miguu ikaanza. Kwanza vidole vikafa ganzi, kama nimevikalia. Kisha ikaja kuchomachoma, kama sisimizi wanapanda. Siku moja nilitoka dukani nikafika nyumbani na ndara moja. Nyingine ilinitoka njiani nami sikuhisi. Nasra, binti yangu wa miaka kumi na minne, alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka naye, kisha nikaingia chooni nikalia.

Ikapanda mikononi. Pini yanichoma, siijui mpaka nione damu kwenye kitambaa. Ulimi ukawa waniwasha. Nampima mteja kiuno, nikigeuka kuandika nimeshasahau. Nikitia udhu, nikifumba macho kuosha uso, nayumba mpaka nishike ukuta.

Kwangu mimi jibu lilikuwa moja tu. Imejificha, nilijiambia. Iko mahali isipoonekana, yanitafuna mishipa kimya kimya, kama ilivyomtafuna mamangu.

Nilikwenda zahanati moja, peke yangu. Daktari mzee, mpole, alinigonga magoti akaniangalia miguu. Akasema sababu za ganzi ni nyingi, akaniandikia vipimo vya damu nikafanye kisha nirudi.

Nikamuuliza, "Daktari, yaweza kuwa kansa?"

"Siwezi kukwambia ni nini wala si nini kabla sijaona damu yako."

Hayo ndiyo maneno yote. Wallahi ndiyo yote. Nilitoka nje, nikaikunja ile karatasi ya vipimo, nikaitia kwenye kopo la vifungo na sikurudi tena. Niliogopa kupimwa kuliko nilivyoogopa kufa.

Jioni mume wangu aliniuliza, "Daktari asemaje?"

Ningeweza kusema bado hajui. Nikamtazama usoni nikasema, "Ni kansa, babake Nasra. Iko kwenye mishipa. Amesema haina dawa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilitaka mtu aogope pamoja nami. Ukisema hujui, watu hukwambia utapona inshallah, wakaendelea kunywa chai yao. Na mimi nilikuwa na hakika. Niliona sijasema uongo, nimelitangulia jibu tu.

Mume wangu alilia. Alitaka tutafute daktari mwingine, hata ikibidi kwenda Nairobi. Nikamwambia nimemwona mamangu akipasuliwa, mimi sipasuliwi, na akinipeleka kwa nguvu nitarudi kwetu. Yeye ni mtu wa taratibu, hajui kugombana. Akayaacha hapo.

Basi nikabaki na wasiwasi mmoja, wanangu. Nasra na nduguye wa miaka tisa wataletewa mama nisiyemjua. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani mguu umekufa ganzi, nawaona wakifokewa na mwanamke asiye na uso. Kwetu si ajabu mke kumchagulia mumewe mke wa pili. Bibi yangu alifanya hivyo, na mpaka leo husifiwa. Nikaamua nitamtafutia mume wangu mke kabla sijafa.

Nilijua nitakwenda kwa nani. Nitamwita Fatma, ingawa si jina lake. Ni binti wa ami yangu, akikaa Mikindani, miaka ishirini na minane, akisomesha watoto Kurani chuoni, na sauti yake ni ya upole. Wanangu walimpenda tangu wadogo.

Lakini Fatma alikuwa na mtu. Alikuwa kijana wa upande wa Port Reitz, mfanyakazi wa uwanja wa ndege, na barua ya posa ilikuwa imeshaletwa kwao. Nilijua vizuri sana, maana kitambaa cha nguo ya siku hiyo alikuwa ameniletea mimi.

Nikamchukulia jozi ya leso nikaenda Mikindani.

"Dada, mimi nina mtu," aliniambia.

"Najua. Yeye atapata mwingine. Wanangu hawatapata."

"Na mumeo mwenyewe amekubali?"

"Hilo niachie mimi. Daktari amenipa miezi tu, Fatma."

Miezi! Hata sijui neno lile lilinitoka wapi. Nilimshika mikono yake kwa mikono yangu isiyohisi, nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Naye akalia. Wiki mbili baadaye barua ya Port Reitz ikarudishwa.

Mume wangu alikataa mwezi mzima. Alisema hawezi kuoa huku mkewe anaumwa, atamtazama nani usoni. Nikawa nampigia kelele asubuhi na jioni, nikimuuliza kama ataka nife roho yangu haijatulia. Mwishowe akakubali, na alipokubali hakuniangalia. Ndoa ilikuwa ndogo, ya watu wa nyumbani. Nguo ya Fatma niliishona mwenyewe. Mama mkwe alinikumbatia mbele ya watu akasema mwanamke kama mimi hajamwona. Nami nilizifurahia sifa zile. Hilo pia naliungama.

Fatma akahamia vyumba viwili vya uani. Na jamani, aliniuguza. Alinikanda miguu kwa mafuta ya nazi, akamsuka Nasra, akamsikiliza mdogo masomo yake. Hakuwahi kuniinulia sauti. Nilikuwa nikimtazama nikisema alhamdulillahi, nimechagua vizuri, sasa naweza kufa.

Ila sikufa. Nilizidi tu kuharibika. Asubuhi moja nilijikwaa jikoni, sufuria ya uji ikanimwagikia mguu. Ngozi ikababuka mbele ya macho yangu na sikuhisi chochote. Fatma ndiye aliyepiga kelele. Akanitazama mimi niliyekaa kimya na mguu mwekundu, akafunga buibui lake.

"Dada, nauguza ugonjwa sijauona hata karatasi yake. Leo twenda hospitali."

"Fatma, niache."

"Sikuachi. Inuka."

Mume wangu alikuwa kazini, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Tukaenda hospitali ya serikali.

Daktari alikuwa msichana wa bara, Kiswahili chake cha Nairobi. Alinisafisha mguu, kisha akaanza kuuliza maswali. Akaniambia nisimame nifumbe macho, nikaanguka mikononi mwa Fatma. Akanigusisha kidole cha mguu chuma kinachovuma, sikusikia mvumo. Akanitazama ulimi kwa muda mrefu.

"Mama, kwani wewe hukulanga nini?"

Nikamweleza. Akaacha kuandika. "Miaka minne hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai, hakuna maziwa? Na unakaa Mombasa?"

Damu ikatolewa, tukarudi siku ya majibu. Nilikuwa nimekosa vitamini inayoitwa B12, ile inayotoka kwenye vyakula vyote nilivyovikimbia. Mishipa ya fahamu ilikuwa inakufa kwa njaa. Wamepima na mengine, hawakuona saratani. Daktari akasema nitapigwa sindano, nianze kula samaki, nitapata nafuu polepole, ila kwa vile nilichelewa, pengine si mishipa yote itakayorudi.

Ugonjwa ule niliuleta mwenyewe kwa kuukimbia ugonjwa mwingine. Nilikuwa bado nalimeza hilo pale daktari aliponiuliza, "Na hii story ya kansa uliambiwa na nani?"

Fatma alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kusema kweli.

"Daktari wa kwanza," nikasema.

Mume wangu alisujudu sebuleni aliposikia. Kisha alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Yule asiyejua kugombana alisema ataenda zahanati ile amuulize yule mzee anawezaje kumhukumia mtu kifo bila kumpima. Nikamwambia tumshukuru Mungu tuyaache. Akasema, "Kuna wengine watakaoambiwa hivyo hivyo." Jumatatu akavaa kanzu akaenda.

Alirudi adhuhuri. Akakaa bila kuvua kofia.

"Ameniita ndani," akasema. "Amenionyesha alivyoandika. Vipimo vya damu, arudi na majibu. Hukurudi. Yule mzee aliniuliza waendeleaje, alikuwa na wasiwasi nawe. Nilikwenda kumtukana, nikaishia kumwomba radhi."



"Mimi ningekuuguza hata ugonjwa wako ungekuwa hauna jina," akasema, akainuka.

Hakuniacha, na Fatma hatamwacha. Alisema yule amekuja kwa maneno yangu, hana kosa, na wala hataki kusikia neno talaka. Ana haki ya kusema hivyo. Sasa Fatma ana mimba ya miezi sita. Siku zangu mume wangu huja kwangu, hunisalimia vizuri, hunilisha, hunivisha. Lakini nikimwambia kichwa chaniuma, huniuliza, "Nani amesema?" Hanikejeli. Auliza kweli.

Yule kijana wa Port Reitz ameshaoa.

Miguu yangu imeanza kurudi, na kurudi kwake ni moto. Daktari asema maumivu ni dalili nzuri. Nayavumilia kwa sababu sina wa kumlalamikia.

Fatma alipoijua kweli, nilimwomba radhi wiki nzima. Alikuwa akijibu "yamekwisha, dada" bila kuacha anachofanya. Siku ya mwisho alikuwa akichambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Wajua kinachoniuma si yule mtu," aliniambia. "Mimi nilikuja hapa nikijua utakufa. Nilijipanga hivyo. Siku daktari aliposema utapona, niliingiwa na huzuni kwanza, ndipo nikafurahi. Mimi nilikuwa simtakii mtu mauti, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyangojea."

Akachukua ungo akaendelea.

Nimeandika haya kwa sababu najua kuna mtu amekaa mahali sasa hivi, vidole vyachoma, na moyoni ameshajizika. Nenda ukapimwe. Ukiandikiwa vipimo, vifanye, na urudi kusikiliza majibu hata kama waogopa. Usikiache chakula chako kwa sauti ya mtu usiyemjua. Na nyumbani wakikuuliza daktari amesema nini, ikiwa hajasema kitu, waambie hajasema kitu. Mimi nilikataa kuishi siku chache bila jibu, na sasa kuna mwanamke uani kwangu ambaye hawezi kunitazama akafurahi tu kwamba nimepona.