Nilivyorudishiwa Pete ya Uchumba Isiyo Yangu

Mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Nalitanguliza hilo msije mkahangaika kumtafuta kwenye maoni.

Nimewahi kurudishiwa pete ya uchumba na mwanaume mwenzangu, sebuleni kwa dada yangu, sambusa bado za moto.

Iko hivi.

Mpwa wangu Farhana alirudi Tanga kumalizia utafiti wake wa fizikia. Akaposwa na Raheel, kijana wa Muheza, kwao wana duka la vipuri. Kwetu wachumba wanaruhusiwa kuzungumza kabla ya nikaha, ila si peke yao. Lazima mkubwa akae pembeni.

Dada Parveen, mama yake, akanichagua mimi, Khozema, mgane nisiye na shughuli.

"Usiwabane," akaniambia. "Sikiliza kidogo tu, halafu unijuze."

Mwanzoni raha tupu. Farhana anatupa neno, Raheel analidaka, analirudisha limenoga zaidi. Mimi kwenye kona na simu, najifanya natazama mpira.

Raheel akiondoka tu, napeleka habari jikoni kwa dada. Vitu vidogo vidogo. Hapendi bamia. Anamwona kaka yake mbabe. Dada anampigia mama yake Raheel, wanacheka.

Raheel akawa anafika kwao, anakuta maneno yake yamemtangulia.

Akaanza kunitazama kabla hajajibu. Farhana naye akawa anakata sentensi katikati. Mie nikaziba pengo kwa utani. Nacheka peke yangu kama redio.

Siku moja nikamkuta Farhana kwenye kompyuta. Mistari miwili inapanda na kushuka, kisha inalegea, mpaka inalala.

"Nini hii?"

"Biti za kwanta, mjomba. Vijichembe vya taarifa, viwili vilivyounganishwa, kila mstari ni kimoja. Nishati inatoka kwa hii inakwenda kwa ile, inarudi. Ukiziacha, zinapeana tu."

"Mbona huku zimelala?"

"Zinachunguliwa. Kipimo chenyewe dhaifu, ila hakikomi. Kila kikichungulia kinajua kidogo, kinavuruga kidogo. Hivyo vidogo vinajumlika, kupeana kunafifia. Ukichungulia kwa nguvu ndiyo kabisa, kila moja inaganda ilipo."

"Kumbe zina haya kama bibi harusi!"

Hakucheka. Mimi huyo, nikaenda zangu jikoni.

Basi alasiri moja Raheel akaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Akamuuliza Farhana kama Tanga mvua imenyesha. Farhana akasema imenyesha. Kisha akanyoosha pindo la mtandio wake.

"Jamani ongeeni!" nikasema. "Mimi msinihesabu, sipo!"

Raheel akasimama, akavua ile pete ya fedha tuliyomvisha siku ya posa, akaniwekea kiganjani.

"Chukua, mjomba. Kumbe niliyemposa ni wewe. Siku zote hizi nazungumza na wewe."

Akatoka.

Farhana akajifunika uso na mtandio. "Nimepata nafasi ya kusoma nje," akasema. "Nilitaka nimuulize kama tutakwenda wote. Sikupata pa kumuulizia."

Dada akasimama mlangoni na sinia lake la sambusa. Nikakimbia nje na kandambili moja.

Nikamkuta Raheel ameshawasha pikipiki.

"Mwanangu, mimi nilisikiliza kidogo tu! Wala sikuongeza chumvi!"

"Kidogo, mjomba. Ila hukuacha."

"Sasa ulikuwa unataka kumwambia nini, mpaka umeshindwa?"

Akazima pikipiki.

"Kwamba popote atakapopata masomo, duka namwachia kaka, namfuata. Lakini ningesema pale, mama angelijua kabla sijafika Muheza. Na mama ana presha."

Jamani. Nikafungua mdomo nimpe la Farhana, maana lilikuwa hilo hilo.

Halafu nikaufunga. Nilishabeba ya kutosha.

Pale getini ndipo nilipojifunza lile ambalo yule binti alinionyesha kwenye kompyuta nikalichekea: watu wawili wanaojengana, hata jicho la upole linawabomoa kama halifumbi.

"Rudi ndani," nikamwomba, pete bado kiganjani. "Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Nakusihi."

Raheel akanitazama.

"Wewe ukiwa umekaa wapi, mjomba?"