Aliyejua Pa Kula

Ukivuka daraja la mpakani kutoka Marekani kuingia Juárez ukiwa na njaa, na una akili kidogo, hukusoma mabango. Uliuliza: "Tumbo yupo?" Madereva wa teksi pale kijiweni walikuonyesha kwa kidevu mwanamume mfupi, kitambi mbele, ameegemea gari lake bovu jeupe, anachokonoa meno. Huyo ndiye Evaristo Luján. Jina la Tumbo walimpa wenzake kwa masihara, naye akalivaa kama cheo.

Na kwa kula, mtu yule alikuwa na kipaji, tusidanganyane. Alidharau mkahawa wowote ulioweka mtu mlangoni wa kuvuta wateja mikono. "Chakula kizuri hakibembelezi," alisema. Aliangalia manesi wa zamu wanakula wapi, maana nesi hana muda wa kupoteza wala tumbo la kuchezea. Burito, ile nyama iliyoviringishwa ndani ya tortila, chapati yetu nyembamba, alikula asubuhi tu. Ya alasiri, alisema, wape maadui zako. Supu ya utumbo ni Jumapili, na wala si kwa yule mama wa karibu na stendi anayeosha utumbo kama anayekimbizwa. Ukimbishia alikupakia bila nauli, akakupeleka, akakaa mbele yako akikukodolea macho mpaka utie kijiko mdomoni. "Eeh? Sema sasa! Sema!"

Ila pale alipopapenda kuliko pote hakumpeleka mtu hovyo. Pale ni kwa Bi Eduviges.

Bi Eduviges Armendáriz alikuwa na mkahawa wake kwenye barabara kuu, milango wazi, nyama ya nguruwe ikichemka ndani ya pilipili nyekundu, harufu inakufuata mpaka kituo cha basi. Evaristo alipofika mjini kutoka Durango, hana mbele wala nyuma, mkewe mjamzito, mama huyo ndiye aliyewalisha. Mtoto alipozaliwa, Bi Eduviges akamsimamia ubatizo. Tangu siku hiyo wakaitana komadre na kompadre, na kwetu undugu huo haufutiki, si kwa ugomvi, si kwa kifo.

Kisha ikaja ile miaka mibaya. Watu wa magenge walipita duka kwa duka wakidai ada ya sakafu, yaani ulipe ili uachwe ufanye kazi juu ya sakafu yako mwenyewe. Laana iwashukie na vizazi vyao! Mwoka mikate wa mlango wa pili alikataa, wakaupiga ukuta wa duka lake risasi, akajifungia nyumbani. Akaja kijana mmoja mpole, salamu nyingi, akamuulizia akijiita mpwa wake kutoka Parral, na majirani kwa wema wao wakamwelekeza nyumbani. Wiki hiyo hiyo tukamzika mwoka mikate.

Bi Eduviges, ambaye naye alikuwa akidaiwa, akafunga. Akatupa namba ya simu, akahama nyumba, hata kanisa akabadilisha. Akaenda kukaa nyuma ya gereji ya matairi, mtaa wa mbali, na humo, katika chumba kisicho na dirisha la barabarani, akaweka meza nne. Hakuingia mtu ila amepelekwa na Evaristo, wawili wawili, saa ya chakula cha mchana, na hakuna aliyeambiwa jina la mpishi. Msishangae. Wakati ule nusu ya mji ilikuwa ikila hivyo, mafichoni kama wezi, watu wazima na pesa zao halali.

"Kompadre," alimwambia siku ya kwanza, "maisha yangu nimeyaweka kwenye ulimi wako. Huo huo unaoonjea."

"Nitaonjea tu, komadre. Kusema nimeacha."

Jambo moja lilimnyima mama yule raha: mwanawe Nicandro. Alivuka kwenda ng'ambo angali kijana wa shule, kabla Evaristo hajaujua mji huu, na kila Jumapili alipiga simu. Halafu simu zikakatika. Ghafla tu, miezi kadhaa kabla mkahawa haujafungwa, na hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

"Namba anayoijua ni ile niliyoitupa," alisema mara nyingine, mikono imesimama ndani ya unga. "Akipiga sasa atampata nani?"

Evaristo aliinamia sahani, akaendelea kula.

Basi alasiri moja ya upepo wa mchanga, kijana alikuja kijiweni kutoka upande wa daraja. Kichwa kimenyolewa, viatu havina kamba, mkononi mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vyote, na vilikuwa vichache.

"Samahani, mzee. Wameniambia wewe ndiye unayejua pa kula."

"Inategemea njaa yako."

"Namtafuta Bi Eduviges Armendáriz. Nimeenda mkahawani kwake nimekuta pamefungwa, mlango umepigwa mbao."

Kijiti kikasimama katikati ya meno ya Evaristo. "Wewe nani yake?"

"Mwanawe. Naitwa Nicandro."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Juzi mpwa, leo mwana! Evaristo akatema kijiti. Viatu aliviona, msinielewe vibaya. Mfuko aliuona. Kila siku ya Mungu alikuwa akiwaona waliofukuzwa ng'ambo wakishuka darajani na mifuko kama ile, kamba za viatu zimebaki kizuizini, wakitembea kwa kuburuta miguu ili viatu visiwatoke. Lakini akajiambia: watu hawa wanaweza kumvika shetani joho la mtumishi wa altare, watashindwa na viatu?

"Aaa, Eduviges!" akasema, akicheka. "Pole, kijana, umechelewa. Alihamia Torreón kwa dada yake. Zamani sana."

"Torreón? Mama hana dada."

"Basi rafiki. Mimi dereva, si padri wake wa maungamo."

Kijana akatazama chini. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, na mtu angeweza kusema ni mchanga. "Walinifungia kule mwaka mzima, mzee. Sasa nampigia, simu haiiti hata."

"Panda gari," Evaristo akasema. "Nikupeleke stendi."

Akampeleka. Si hivyo tu, tiketi ya Torreón akamnunulia kwa fedha yake mwenyewe, kwa furaha, maana aliona anamtupa adui mbali na mlango wa komadre. Basi lilikuwa halijajaa, akamnunulia na burito, alasiri ile, yeye Tumbo! Wakakaa kwenye benchi. Kijana akachana kipande cha tortila, akakipeleka puani, akafumba macho, akanusa kwanza, ndipo akala. Evaristo alikuwa anamjua mtu anayekula hivyo. Alimwona kila siku mchana, nyuma ya gereji. Moyo ukamshtuka, akauambia moyo nyamaza.

"Si kama ya mama," kijana akasema, "lakini Mungu akubariki, mzee. Mji huu bado una watu."

Basi likaondoka. Evaristo akarudi kijiweni anapiga mluzi.

Kesho yake mchana aliingia nyuma ya gereji akiwa peke yake, kifua mbele. "Leo nipe nyama ya kwenye mfupa, komadre! Nimekuokoa roho."

"Utaniua kwa majigambo wewe, kabla hao hawajafika," Bi Eduviges akacheka, akampakulia, akamwekea tortila tatu za moto. "Haya, umeniokoa na nani?"

"Wamemtuma kijana. Juzi mpwa, sasa mwana! Ati mwanao Nicandro. Majina wanayo yote, mashetani wale, hata la paka wako wanalo. Nimempakia basi la Torreón akaenda zake."

Bi Eduviges hakucheka tena. Aliweka upawa chini polepole.

"Alikuwaje?"

"Mwembamba. Kichwa kimenyolewa, viatu…" Evaristo akasikia maneno yake mwenyewe, akapunguza sauti. "Viatu havina kamba."

"Alikula?"

"Alikula, komadre."

"Alikulaje?"

Evaristo akachukua tortila iliyokuwa mbele yake, akachana kipande, akakipeleka puani, akafumba macho. "Hivi," akasema.

Bi Eduviges aliketi sakafuni. Hakutafuta kiti, alishuka tu, mgongo ukiburuzika ukutani, akatoa sauti moja ambayo Evaristo hajawahi kumsimulia mkewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tunautazama tu kutoka mbali.

Evaristo hakumaliza sahani ile. Aliendesha gari mpaka Torreón bila kupumzika, gari ambalo hakuna mtu mwenye akili angelitoa nje ya mji. Aliuliza stendi, akauliza nyumba za mapadri wanapolala wasafiri, hospitali, chumba cha maiti. Mwanamke mmoja muuza juisi alimkumbuka kijana mwenye mfuko wa plastiki aliyekuwa akisimamisha watu na kuwauliza habari za mama mmoja mpishi. Walimwambia hayupo mpishi kama huyo. Basi akaondoka, upande gani muuza juisi hakujua.

Aliporudi alitegemea kutukanwa. Alitaka kutukanwa. Alisimama mlangoni kofia mkononi kama mtoto aliyevunja chungu. Bi Eduviges alikuwa anakanda unga.

"Hukukosea, kompadre," akasema bila kugeuka. "Ungeniletea kila anayejiita mwanangu, ningekuwa kaburini sasa. Ulifanya nilichokuomba."

"Nipige hata kofi, komadre."

"La nini? Nisaidie kubeba sufuria."

"Kwenda wapi?"

"Barabara kuu. Mbele ya mkahawa wangu."

"Umerukwa na akili! Watakuua kabla pilipili haijaiva!"

"Mwanangu atarudi. Hapa duniani mahali anapopajua ni pale. Mlango pekee."

"Nitakaa mimi pale! Nitalala pale, akija nimlete huku, nakuapia kwa binti yangu uliyemsimamia ubatizo…"

"Na akipita umefumba jicho? Na akikuona wewe uliyemwambia Torreón, atakuamini?" Sasa aligeuka. Uso ulikuwa umezeeka kwa siku chache zile, lakini sauti haikutetemeka. "Kujificha nimeweza, Evaristo. Nimejificha vizuri mpaka mwanangu mwenyewe amenikosa. Shika mkono huo wa sufuria, mimi nishike huu."

Akashika. Angefanyaje?

Walitandika meza moja kando ya barabara, mbele ya mbao zilizopigiliwa mlangoni, jirani na ule ukuta wa mwoka mikate uliokuwa na matobo ya risasi bado. Harufu ikaanza kutembea. Watu walipita upande wa pili, wakaona ni nani, wakaongeza mwendo. Mzee mmoja mteja wa zamani alivua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba, asisimame. Siku ya kwanza hakuuza kitu. Ya pili wakaja manesi wawili, wakala wima, wakaondoka haraka. Evaristo aliacha teksi yake imeegeshwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akihesabia pumzi kila gari lililopita. Kijiweni wakasema Tumbo amejichimbia kaburi. Kila sahani aliyopakuliwa aliirudisha, amini usiamini.

Siku ya nne likaja gari kubwa la vioo vyeusi. Likapita. Likarudi nyuma polepole, likasimama mbele ya meza, injini inanguruma. Kioo kikashuka kiasi cha vidole viwili.

"Kuna nini cha kula hapo?" sauti ikauliza, kwa upole kabisa.

Evaristo aliinuka. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa kawaida, kwamba hapa ni pabovu, waende mbele kidogo, kwamba huyu mama ni mgeni tu. Mkono wa komadre ukamshika kifuani ukamrudisha kitini.

"Kuna nyama ya pilipili na tortila za mkono," Bi Eduviges akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Mpishi ni mimi, Eduviges Armendáriz, mama yake Nicandro. Waambie watu wote nipo hapa."