Chini Kwanza, Juu Baadaye

Kitabu kile sikukipenda hata siku moja. Kilikuwa cha daktari wangu, Mzungu niliyekuwa msaidizi wake katika chumba cha meno hospitalini Tanga, miaka ya hamsini na kitu. Aliniazima kwa miezi miwili, akaniambia, "Soma, mtihani huu hauna mchezo." Ulikuwa mtihani wa kuingilia masomo ya juu ya udaktari wa meno, ng'ambo huko. Aliyetimiza miaka thelathini hapokelewi, nami nilikuwa na ishirini na tisa. Nikiukosa mwaka ule, basi, nitawashikia watu beseni la mate mpaka nizeeke.

Sasa, kusoma kwenyewe! Kwa mkono wangu huu nilikwisha kung'oa magego ya wavuvi, ya makuli wa bandarini na ya wenye maduka, wala hakuna aliyerudi kulalamika. Lakini kitabu hakikutaka kujua kama naweza kung'oa. Kilitaka nikiambie kwa Kiingereza gego la juu lina mizizi mingapi na la chini mingapi, lile ganda gumu la nje ya jino limeumbwa na nini, na mshipa gani wa fahamu unapita wapi ndani ya taya. Mishipa ile ilinitia wazimu. Nikiushika wa juu, wa chini umeniponyoka. Nikiurudia wa chini, wa juu umekwenda zake. Siku moja nilikitupa uani, wallahi, kikaanguka karibu na jiko. Nikakimbilia kukipangusa majivu kwa kanzu, maana hakikuwa changu.

Lililonishinda kabisa ni jedwali la meno ya watoto wachanga, lipi linatoka mwanzo na lipi linafuata. Mwishowe nikaligeuza Kiswahili, nikawa kila siku baada ya swala ya alasiri natembea barazani huku na huku nikiimba: "Chini kwanza, juu baadaye! Gego mbele ya chonge!" Mhindi wa duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara, akanipigia kelele, "Bwana, leo unanadi nini?" Nami sikuwa na moyo wa utani.

Mama yangu, tuliyekuwa tukikaa naye, alikuwa akisikiliza huku anachagua mchele. Hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo. Nikikosea ananisahihisha. "Sivyo, mwanangu. Jana ulisema gego linatangulia chonge." Nikaona aibu, nikaanza upya kwa sauti kubwa zaidi.

Zilibaki siku kama kumi hivi mke wangu aliponiita chumbani. Binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi saba. Mke wangu akamwinua mdomo wa juu kwa kidole. Palikuwa na vijino viwili vyeupe, na chini hamna kitu. Mimi nikacheka. Yeye alikuwa analia.

Kwetu pwani mtoto anayeanza kuota meno ya juu huitwa kijego, na kijego ni mkosi kwa waliomzaa. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni, nikadhani limekwisha kufa.

"Mama, hayo ni mambo ya kale," nikamwambia mama yangu, aliyekwisha kuingia chumbani kwa kilio kile.

"Ya kale? Si wewe unayepiga kelele barazani mwezi mzima? Chini kwanza, juu baadaye. Kumbe hata Wazungu wanajua!"

Lahaula! Nikakimbilia kitabu. Chini ya jedwali palikuwa na maandishi madogo niliyoyaruka kwa haraka zangu, nikidhani hayataulizwa: pengine mpango huu hubadilika, na mtoto hana kasoro yoyote. Nikamsomea mama, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hilo hukuliimba?" akauliza.

Nilijipalia makaa mwenyewe, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mama akataka niyang'oe yale meno. Si mimi fundi wa meno? Nikakataa. Tukagombana, tukanuniana. Nikifungua kitabu naona herufi tu, hazisemi kitu. Na ubaya wake ni kwamba hakuwa na roho mbaya. "Simchukii mtoto," aliniambia akilia. "Nakuogopea wewe. Baba yako nimemzika. Na wewe nikuzike?"

Asubuhi ya mtihani nilivaa shati lililopigwa pasi, nikatia penseli mbili mfukoni. Nikatoka chumbani, nikamkuta bibi mmoja nisiyemjua amekaa mkekani, kumbe mama kamwita kutoka kijiji cha Mwera aje kuyang'oa yale meno. Mbele yake pana bakuli la maji ya chumvi na kisu kidogo. Mke wangu amesimama pembeni, amemkumbatia mtoto, hatazami mtu. Angewezaje kubishana na mama mkwe?

"Shikamoo, bibi," nikasema. Hata hasira yangu yote ile haikunifundisha namna nyingine ya kuanza.

"Marahaba, baba."

Mama akanisogelea, akanitengeneza kola. "Wewe nenda mtihani wako, mwanangu. Mungu akufungulie. Ukirudi utakuta yamekwisha."

Nikatazama saa. Nikamtazama mke wangu, naye sasa akainua macho. Alinyoosha mikono akanipa mtoto, na nikampokea. Bibi akafunga kisu chake kitambaani. Mama aliingia ndani, akafunga mlango.

Saa tatu wenzangu walifunua karatasi zao. Mimi nilikuwa barazani na shati langu la pasi, nimempakata binti yangu, naye amenishika kidole ananing'ata kwa meno yake mawili. Aliniuma hasa, nami sikukitoa.