Koili ya Kinyozi Ghazwan

Sahira aliingia karakana mchana wa jua kali, akaweka juu ya meza kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu, akasema, "Fungua."

Dhanun alikuwa fundi wa kusuka mota katika mtaa wa viwanda wa Mosul, upande wa mashariki wa mto. Mota za pampu, za feni, za majokofu, chochote chenye waya ulioungua kililetwa kwake, na tangu vita viishe kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono yake. Sahira alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alikufa Dhanun hajaota meno ya pili, na Sahira ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumchapa alipostahili kuchapwa. Kwa hiyo aliposema fungua, yule mwanamume mwenye mvi alichukua bisibisi akafungua bila kuuliza.

Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na ndani ya wa mwisho ilikuwamo sigara ya umeme. Dhanun aliitambua hata kabla ya kuishika. Ilikuwa ya shemeji yake, Ghazwan.

Ghazwan alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na vidole vyembamba. Alikuwa amezoea sigara za kawaida hadi moshi wake ukaanza kumbana Sahira kifua, kwani Sahira ana pumu. Ndipo akanunua hiyo ya umeme. Hakupenda koili za dukani, zile nyaya zilizoviringwa ambazo hupata moto na kugeuza sharubati ya ndani kuwa moshi. Alimwomba Dhanun kipande cha waya mgumu, ule unaotiwa kwenye majiko ya umeme, akaisuka koili mwenyewe juu ya msumari, mizunguko yake imelala sawasawa kama meno ya kitana. Ikipata moto ilikuwa ikitoa sauti nyembamba, naye alimtania Dhanun, "Fundi, za kwako zinazunguka tu. Ya kwangu inaimba." Hawakujaliwa mtoto, na kwa desturi ya mji watu walimwita Abu Ghaib, baba wa asiyekuwepo.

Kisha wakaja wale wenye bendera nyeusi, wakapiga marufuku sigara za kila namna. Ghazwan aliifunga yake kwenye kopo akaizika uani chini ya mti wa mnarinji, na hakuigusa tena. Hakukamatwa kwa ajili ya moshi. Alikamatwa kwa sababu alimnyoa ndevu bwana harusi mmoja chumbani kwake, jambo lililokatazwa pia, mlango ukiwa umefungwa, na mtu akawaambia. Sahira alizunguka milango yote ya wale watu, akafukuzwa kote. Baadaye mji ukakombolewa, mapipa ya takataka yakajaa bendera zao, lakini Ghazwan hakurudi. Wanaume wengi hawakurudi.

"Nataka ifanye kazi," Sahira alisema. "Kabla ya Ijumaa."

Dhanun alimuuliza ni kwa ajili ya nani. Hapo akamweleza, huku macho yake yaking'aa kwa namna ambayo Dhanun hakuiona miaka mingi, kwamba amepata dalali, jamaa anayeitwa Sattam, mwenye watu wake ndani ya gereza moja la jangwani. Humo, alisema Sattam, mmefungwa watu wa Mosul ambao hakuna anayewajua, na mmoja ni kinyozi. Lakini huyo kinyozi amechanganyikiwa, hataji jina lake. Sattam alitaka bangili za Sahira kwa ajili ya walinzi, na alitaka kitu ambacho mumewe akikiona atakijua, ili aamini kuwa ametumwa na nyumbani.

"Nikafikiri pete, nikafikiri wembe wake," Sahira alisema. "Wembe hawatauruhusu. Ndipo nikakumbuka mnarinji. Lakini isiwe koili mpya, umenisikia? Akivuta akaonja nyingine, atajua si yake."

Dhanun aliinamisha kichwa juu ya ile kazi ili dada yake asiuone uso wake.

Betri ilikuwa imevimba, akaitupa nje mchangani, akachomoa nyingine kwenye pakiti ya betri za drili mbovu. Akafungua kitako. Pamba iliyokuwa ndani ya koili ilikuwa imegeuka nyeusi na kukauka kama mzizi, na ile sharubati ya ndani ilikuwa imegandamana juu ya waya mithili ya sukari iliyoungua sufuriani. Aliivuta pamba kwa kibano kipande kwa kipande. Akailoweka koili katika maji ya moto, akanywa chai na dada yake wakisubiri, kisha akaisugua kwa mswaki mkuukuu, polepole, maana waya wa zamani ukiulazimisha hukatika. Wakati wote huo aliomba moyoni ukatike.

Alipoupima kwa mita, waya ulikuwa mzima. Akaupa moto kidogo, akauachia, akaupa tena. Masizi yaliwaka, moshi mwembamba ukapanda, na karakana ikajaa harufu ya tofaa, ile ile aliyokuwa akinuka Ghazwan. Sahira alifumba macho. Koili ikaanza kuwa nyekundu kutokea katikati kuelekea pembeni, kama inavyotakiwa, na ile sauti nyembamba ikasikika.

Dhanun angeweza kubonyeza kitufe asiachie. Waya ungeyeyuka, angesema umri wake umekwisha, na pengine mambo yangeishia hapo. Kidole chake kiliachia chenyewe, kwa mazoea ya kazi.

"Nifundishe kutia pamba," Sahira alisema. "Akirudi nitakuwa namtilia mimi."

Akamfundisha. Pamba ya duka la dawa iliyochemshwa ikakauka, isibane sana wala isilegee. Itiwe sharubati, iachwe inywe kwanza, ama sivyo pumzi ya kwanza itaunguza kila kitu. Sahira alifanya vizuri mara moja. Alipomaliza akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomshinda Dhanun.

"Dada," alisema, "usimpe Sattam bangili zako. Ghazwan amekufa."

Akamsimulia. Siku moja wale wa bendera nyeusi walimchukua karakana kwa gari, wakampeleka kwenye jengo lililokuwa ghala la nafaka. Pampu ya kisima cha uani ilikuwa imeungua. Akakaa chini akaisuka, mlinzi amesimama nyuma yake. Wakatoa watu waliofungwa mikono, wakawaketisha kando ya ukuta, na mmoja wao alikuwa Ghazwan. Alikuwa amekonda lakini ni yeye. Macho yao yalikutana, na Ghazwan akatikisa kichwa kidogo sana, yaani usinijue. Dhanun hakumjua. Wakawapeleka nyuma ya jengo. Milio ya bunduki ilipokwisha, mlinzi alirudi akauliza kama pampu iko tayari.

Sahira alikuwa ametulia kabisa. "Ya nini?" aliuliza. "Pampu ya nini?"

"Walitaka maji. Ya kuoshea kule nyuma."

"Ukaiwasha?"

"Nikaiwasha, dada."

Sahira alikuwa bado ameshika kibano. Kisha akakiweka chini, akaifunga sigara kwenye leso, akasimama.

"Kama umechoka kunisaidia ungesema," alisema. "Usimzike mtu kwa uvivu wako."

Ijumaa alimpa Sattam bangili na leso. Dhanun alipata habari kwa majirani. Alimtafuta Sattam sokoni ili amvunje meno, akakuta ni mtu mnene mwenye adabu aliyemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mbele ya watu, "Wewe ulimwona kwa macho yako maiti ya shemeji yako?" Dhanun hakuwa ameona maiti. Alikuwa ameona maji tu. Akaondoka.

Baada ya wiki kadhaa Sahira alikuja tena karakana, amevaa shungi jipya, amebeba sufuria ya kubba, madonge ya ngano yaliyojazwa nyama, aliyoipika mwenyewe. Hakuketi. Alisema Sattam amerudi na habari: kinyozi aliivuta ile sigara, akaonja, akalia, akataja jina la mkewe. "Amesema koili ni tamu kama zamani," alisema. "Nimekuletea chakula, ni mkono wako uliofanya kazi. Na yale uliyoniambia nimekusamehe." Dhanun alipokea sufuria. Hakuweza kula, akawapa mafundi wa karakana ya jirani, wakaisifu mno.

Miezi ile ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote. Sahira alipaka nyumba rangi. Alinunua kiti cha kinyozi kilichotumika, akakiweka sebuleni. Kila mtu mtaani alijua, na hakuna aliyesema neno, maana nusu ya nyumba za mtaa zilikuwa na mtu ambaye Sattam au mwingine kama Sattam alikuwa amewapatia habari zake. Kisha simu ya Sattam ikawa haipatikani. Nyumba aliyopanga ikakutwa tupu.

Sahira alikuja bila sufuria. Aliketi kwenye kigoda alichokalia siku ile ya kopo, akavuta pumzi kwa taabu, pumu ikiwa imemkamata kwa kutembea juani.

"Nisimulie tena," alisema. "Tangu gari lilipokuja."

Dhanun aliinuka kumletea maji ya kunywa, akamwambia apumzike kwanza. Akakataa. Basi akamsimulia. Safari hii Sahira alimkatiza kila mara. Shati la Ghazwan lilikuwa la rangi gani? Alikuwa na viatu? Walikuwa wameketi juani au kivulini? Alipofika kwenye kile kichwa kilichotikiswa, akamwomba aonyeshe kilivyotikiswa, naye akaonyesha. Alipofika kwenye pampu hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa upindo wa shungi, akasema, "Alikuokoa." Dhanun hakujua kama hilo lilikuwa lawama au faraja, na Sahira hakumfafanulia.

Wakaweka matanga siku tatu, bila maiti na bila kaburi. Dhanun aliwapokea wanaume mlangoni, akawamiminia kahawa chungu. Wengine walimshika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, nao wenyewe wakiwa na watu wao ambao hawajawekewa matanga. Siku ya mwisho Sahira alimwita jikoni, akamketisha mbele ya sinia, akasimama pale mpaka alipokula. Kisha akamwambia asije kwake mpaka atakapoitwa.

Alimwita Julai, mota ya kipoza hewa chake ilipoungua. Dhanun alikwenda na vifaa vyake, akaisuka palepale sebuleni, kile kiti cha kinyozi kikiwa kimeshauzwa. Alipoiwasha, upepo wenye unyevu ukavuma chumbani. Sahira alimwekea chai na biskuti, akamuuliza habari za watoto wake, akaingia chumba cha pili akalala, kwa kuwa usiku alikuwa hajapata usingizi kwa joto.