Shangazi alitia maji mu dawa ya kupe, mahari yangu ikabaki nusu

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikuambiwa na muntu, niliiona na macho yangu mwenyewe, na mupaka leo nikiikumbuka ninachoka upya.

Tulikuwa Muheto, kule juu Masisi, wakati wa Wabelgiji. Mimi kijana wa kuoa. Muchumba wangu alikuwa wa Kibua, chini mu pori ya Walikale, na baba yake alishasema: bila ng'ombe wa maziwa, musichana hatoki.

Ng'ombe njo alikuwa Bihogo wetu. (Nyekundu ya giza, maziwa mingi, roho mbaya. Tuache.)

Basi kupe zikamushika Bihogo ku matiti.

Munganga wa ng'ombe akatuachia bidoni, kidumu kidogo, ya dawa. Mafuta na sabuni ya nguvu, safi kama chai ya rangi. Akasema, "Siku ya kupakaa, mutwae kidogo, mutie mu maji mingi. Mu bidoni yenyewe musitie hata tone."

Akaenda zake.

Sasa mujue: kwetu, ukitikisa kisabo, kile kibuyu cha maziwa, unaongeza kamaji, siagi inajikusanya. Na shangazi Veronika, dada mukubwa wa baba, hakuna alimushinda ku kisabo. Akisema, baba mwenyewe anashusha macho.

Shangazi akaona bidoni iko ndogo. "Mafuta njo mafuta," akatia kikombe ya maji.

Dawa ikabaki safi. Akaongeza. Ikabaki safi.

"Munaona? Hainung'unike."

Hapo njo ilitudanganya, wakuu. Maji ilikuwa imejificha ndani, lakini haikulala. Kesho yake dawa ikakuwa nzito kama asali. Siku zikapita, ikakuwa kitu ya kutetemeka tu. Unapindua bidoni, hakuna kinachotoka.

"Siagi inakuja," shangazi akasema. "Muache itulie."

"Shangazi, ile ni dawa."

"Wewe ulitikisa kisabo siku gani?"

Nikamuangalia baba. Baba akaangalia kilima.

Tukangoja siagi. Watu wazima, wabatizwa, tunangoja siagi ya sabuni, na Bihogo anapiga teke kila mwenye kumukaribia.

Munganga akarudi, akashika kichwa.

"Maji kidogo, inavumilia. Maji mingi, inakuwa nyeupe na inafanya kazi. Hapo katikati njo inaganda. Na haigande siku ile ile, inangoja mukishaamini."

Akachota bonge, akaitia mu beseni kubwa ya maji, akakoroga, akakoroga. Polepole ikayeyuka. Ikakuwa nyeupe.

Shangazi akainama kuangalia. "Maziwa," akasema. "Sikuwaambia?"

Munganga akabeba beseni, akaenda kumupakaa Bihogo.

Bihogo alipona, lakini matiti mawili yalishakufa tukingoja siagi. Kibua walimupokea hivyo hivyo, nikaoa. Tangu siku ile, kila nikishuka kule, baba-mukwe: "Karibu, mukwe. Ile nusu ingine ya ng'ombe inatoka Muheto siku gani?" Aliniuliza mupaka kufa.

Funzo: kitu kikikubali maji leo, usiseme kimekubali. Kipe siku.

Wenye kuwa na shangazi kama yule, andikeni hapa chini muliwezaje. Na mwenye jibu ya kumupa baba-mukwe anipe haraka, maana kwa umri wangu huu tutaonana naye karibuni, na najua atauliza.